Propela ya mbele: kabla hujanunua krosi, tazama meno

Wenye magari ya foo-wili hapa Mombasa wana ratiba moja gari likianza kutetemeka. Kwanza magurudumu hupelekwa kufanyiwa balansi. Mtetemo ukibaki, hufuata alaimenti. Ukibaki bado, hununuliwa matairi mapya. Mimi hulipata gari baada ya hayo yote, mwenyewe amechoka na pesa zishatoka, na mara nyingi ugonjwa uko chini ya sakafu, kwenye bomba la chuma ambalo hajawahi kuinama kulitazama: propela ya mbele.

Nazungumzia ile inayotoka kwenye transfa, yaani giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, hadi difu ya mbele, lile boksi la gia kwenye ekseli ya mbele. Zile shafti mbili fupi zenye mipira, zinazotoka difu kwenda magurudumuni, ni habari nyingine. Zikichakaa hulia ta-ta-ta ukikata kona. Propela ina lugha yake. Ukitoa D kuweka R, unasikia "ko!" chini ya miguu. Ukienda polepole kuna mlio mwembamba unaofuata mzunguko wa magurudumu, kisha ukiongeza kasi mlio unamezwa na unakuja mtetemo wa sakafuni na kwenye kiti, zaidi ya kwenye usukani. Mzee mmoja aliniambia, "Fundi, gari lalia kama kifaranga, tena nasikia nikiteremsha kioo tu." Nikamjibu, "Hicho kifaranga, mzee wangu, ni krosi iliyokauka grisi."

Kila ncha ya propela ina krosi: chuma cha miguu minne, kila mguu umevishwa kikombe, na ndani ya kikombe zimepangwa beringi za sindano. Krosi ndiyo inayoruhusu propela kupinda ekseli ikipanda na kushuka. Halafu kuna sehemu ya kuteleza, chuma ndani ya chuma, yenye meno marefu, ili propela iweze kurefuka na kufupika. Hapo ndipo wengi hawatazami, na kwangu mimi hapo ndipo panapoamua kama ni kutengeneza au kununua nyingine. Krosi ni spea, hutoka ikaingia mpya. Meno yakishaliwa, propela ndiyo imekwisha, hata uitie krosi mbili za bei ghali.

Kwa hivyo anza na meno. Weka gari mahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe au magogo mbele na nyuma, tia gia nyutro, kisha ingia chini. Shika upande mmoja wa sehemu ya kuteleza kwa mkono mmoja na upande wa pili kwa mkono mwingine, uzungushe kinyume. Ukihisi mchezo wa kuzunguka kwenye meno, usinunue krosi. Ukiona pametulia, pandisha na ushushe. Mchezo wa juu na chini nao si dalili njema. Baada ya hapo ndipo uje kwenye krosi: tia mtaimbo mdogo kati ya yoki, ule uma wa chuma unaoshika krosi, na krosi yenyewe, sukuma taratibu. Ukiona vumbi jekundu la kutu limezunguka kikombe, usijisumbue kupima zaidi. Maji yameshaingia na sindano zinasagika.

Kutu ndiyo adui yetu sisi watu wa pwani, lakini haiji kwa njia ambayo wengi hudhani. Wavuta boti wa Mtwapa na Kilifi hurudisha gari kinyumenyume majini, kwa hivyo propela ya nyuma hulowa kwanza. Ya mbele huuawa zaidi na kuendesha ufuoni, na pia kwa kuoshwa vibaya. Kijana wa kaawoshi akielekeza mashine ya presha kwenye krosi, maji hupenya sili zilizotengenezwa kuzuia vumbi na matope, si mfereji wa presha. Baada ya chumvi, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi wala presha kubwa, kisha piga grisi siku hiyo hiyo.

Kuna Land Cruiser za 70 zenye habu za kufunga na kufungua, yaani vifaa vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti zake au kuyaachia. Wenye magari hayo huniambia propela yao haiwezi kuchakaa kwa sababu haizunguki. Kweli, habu zikiwa wazi na gari liko kwenye tuu-wili, propela ya mbele imelala. Lakini kulala huko ndiko kunakoimaliza: sindano zimekaa mahali pamoja miezi na miezi, grisi inakauka, hewa ya chumvi inafanya kazi yake. Kisha masika yanakuja, njia za ndani Kwale zinageuka tope, habu zinafungwa, na propela inalia tangu hatua ya kwanza. Funga habu mara moja kwa mwezi, uende kilomita chache, ili grisi izunguke. Usiingize foo-wili kwenye lami kavu. Habu pekee zinatosha, maana magurudumu yenyewe yataizungusha propela.

Magari ya foo-wili ya kudumu, kama Prado nyingi na Defender za zamani, yanahitaji tahadhari moja zaidi. Ukishafungua propela moja, gia au P huenda isilishikilie gari tena, kwa sababu difu ya kati, ile ya ndani ya transfa inayogawa nguvu kwa propela mbili, inaachia nguvu upande usio na kitu. Na hendibreki ya Defender hizo hushika propela ya nyuma, wala si magurudumu yenyewe. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, umebaki huna breki. Ndiyo maana nimeanza na mawe na magogo. Ila difu hiyo ya kati pia inakupa kipimo kizuri: toa propela ya mbele, funga difu ya kati, endesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Mtetemo ukipotea, umempata mwizi. Ukibaki vilevile, umeokoa pesa zako.

Kabla hujafungua bolti yoyote, piga alama. Alama kwenye flanji, ile sahani inayofungwa bolti, na yoki kila upande, na alama nyingine ikivuka sehemu ya kuteleza. Krosi moja iliyopinda haizunguki kwa kasi sawa. Kila mzunguko huharakisha na kupunguza mara mbili, na krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, mradi yoki zimekaa kwa mpangilio wake. Fundi akirudisha meno yakiwa yamesogea, gari litatetemeka na krosi mpya ndani. Wala usijaribu kuzilinganisha kwa macho ukidhani lazima zielekeane, kwa sababu propela za mbele za Land Rover fulani zimetengenezwa makusudi zisielekeane. Fuata alama tu.

Kutoa krosi ni kazi ya jiliwa na soketi mbili, kubwa ya kupokea kikombe na ndogo ya kusukuma, baada ya kutoa vibanio vinavyozuia vikombe visitoke. Nyundo isiguse bomba. Wakati wa kuingiza mpya, shikilia krosi ndani ya kikombe ili sindano zisianguke. Ikilala moja chini, kikombe hakifiki mwisho na kibanio hakiingii. Hapo usilazimishe, toa uanze upya. Ikishakaa, gonga masikio ya yoki kidogo, kisha kunja kwa mkono. Inapaswa kukunjika kwa ulaini pande zote. Halafu piga grisi mpaka itoke kwenye vikombe vyote vinne. Ikitoka vitatu, cha nne ni kikavu, na ndicho kitakachoanza kulia. Kwenye meno fanya kinyume: acha mara tu propela inapoanza kurefuka, maana grisi ikijaa sana inazuia propela kufupika na mzigo wote unahamia kwenye beringi za transfa na difu. Mimi hupiga grisi kila oili inapobadilishwa.

Land Rover Discovery 2 inanipa wasiwasi kuliko zote. Propela yake ya mbele ina krosi mbili pamoja upande wa transfa, za kiwandani hazina nipeli, yaani kidomo cha kupigia grisi, na ziko karibu na joto la ekzosti. Ikikatika barabarani huzunguka hovyo na kupasua kava la giaboksi. Hiyo ikianza kulia, usisubiri mwisho wa mwezi. Na ukinunua, nunua yenye nipeli.

Kama meno yameliwa au bomba limebonyea, nenda dukani na propela ya zamani mkononi. Jina la gari halitoshi, kwani giaboksi ya mkono na ya otomatiki zaweza kuwa na urefu tofauti. Ya mtumba kutoka Japani si mbaya, ila ipime meno hapo hapo kaunta, mbele ya muuzaji, kama ulivyopima chini ya gari. Bolti za propela za Defender za zamani ni za spana ya inchi 9/16. Spana ya milimita 14 haiingii na ya 15 inakula kona. Nati za kujifunga zenyewe, weka mpya.

Na propela ikiwa bado iko chini, shika flanji ya difu uitikise. Ikicheza, au kuna oili imetapakaa hapo, beringi ya pinioni, ile gia ya difu inayozungushwa na propela, imechoka. Propela mpya haitanyamazisha gari hilo mpaka difu ifunguliwe.