Daktari niwekee tu vyuma tumalizane

Haipiti wiki bila mtu kuingia kliniki na bahasha ya picha za MRI za mgongo kwapani, hata kiti hajakaa ashaanza, daktari angalia mwenyewe, diski zimeisha, mimi nimechoka, niwekee tu hivyo vyuma tumalizane. Namwelewa kabisa. Mtu kaumwa kiuno miaka mitatu minne, kugeuka kitandani kazi, kukaa nusu saa kazi, kanywa vidonge mpaka tumbo nalo limeanza kuwaka, alafu kuna mtu kamwambia ipo operesheni. Mimi ndo nafanya hizo operesheni, ndo zinanilisha, na bado wengi wao nawarudisha nyumbani bila kuwapa tarehe ya thieta. Wengine wanaondoka wamenuna. Ngoja nieleze hapa kwa nafasi, manake kliniki foleni inakuwa nje na dakika zenyewe hazitoshi.

Kwanza hilo jina la kuwekewa vyuma linapotosha. Kiunoni una pingili tano, tunaziita L1 mpaka L5, alafu chini yake kuna mfupa mpana unaoingia kwenye nyonga, hapo ndo tunaandika S1. Kati ya pingili na pingili kuna diski, nje ni ngozi ngumu yenye tabaka tabaka kama tairi, ndani kuna kitu laini cha kutelezateleza. Zile mbili za chini kabisa, ya L4 na L5 na ya L5 na S1, ndo zinabeba mzigo mkubwa kwa hiyo ndo zinazochakaa zaidi. Sasa operesheni tunayoongelea lengo lake ni moja tu, pingili mbili ziwe mfupa mmoja, pale pasicheze tena maisha yote. Zile skrubu za titaniamu na fimbo zake siyo tiba, zile ni kama mbao anazopiga fundi kushikilia zege mpaka likauke. Zege lenyewe ni mfupa. Tunatoa diski, tunakwangua nyuso za pingili mpaka zitoe damu (mfupa usiotoa damu hauungi), tunapakia vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe, ama vile tulivyovitoa hapohapo ama vya kwenye nyonga, na mara nyingi tunaweka kikasha kidogo pale diski ilipokuwa ili nafasi isibonyee. Baada ya hapo mimi kazi yangu imeisha, mwili ndo unaunga, miezi mitatu mpaka sita ndo unaanza kuona dalili kwenye eksirei na wengine wanafika mwaka na zaidi. Usipounga, kila hatua anayopiga mgonjwa inakipinda chuma kidogo, kidogo, mpaka skrubu inalegea au inakatika, hakuna chuma kinachoshinda mwendo usioisha.

Kitu watu hawajui ni kwamba hii operesheni haikuanzia kwenye maumivu ya kiuno haya ya kawaida. Mwaka 1911 kule New York madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliandika jinsi ya kuunga pingili na ugonjwa waliokuwa wanapambana nao ulikuwa TB ya mgongo, ile inayokula mfupa mpaka mtu anapinda kibiongo. Albee alikuwa anachukua kipande cha mfupa wa muundi anakipachika mgongoni, hamna chuma hata kimoja. Miaka ya 1960 Mfaransa Raymond Roy-Camille akaanza kupitisha skrubu kwenye zile shingo fupi za mfupa nyuma ya pingili, na hapo mambo yakawa rahisi zaidi, na kitu kikiwa rahisi tunaanza kukitafutia kazi. Hilo nasema na mimi nikiwemo.

Palipo na kitu kinachocheza visivyo, operesheni hii ni nzuri sana, sibishi. Pingili iliyovunjika na kuyumba, uvimbe uliokula mfupa, usaha, mgongo uliopinda unaendelea kupinda, pingili iliyoteleza mbele ya mwenzake inabana neva, ule mshipa wa fahamu, mpaka mguu unawaka moto. Hapo adui unamjua. Japo hata kwenye neva kubanwa kwa wazee tumejifunza kupunguza mkono, utafiti wa Uswidi uliochapishwa 2016 ulilinganisha waliofunguliwa tu nafasi ya neva na wale waliofunguliwa wakaungwa na pingili pia, na wa kundi la pili hawakuwa na nafuu ya ziada, ila walilala wodini muda mrefu zaidi na operesheni yao ilikula muda na damu zaidi.

Tatizo liko kwa yule wa bahasha. Mguu hauna shida, neva ziko salama, pingili zimekaa sawa, ila kiuno kinauma na MRI imeandikwa diski zimechakaa. Sasa sikiliza hii. Mwaka 2015 kuna watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo, wakakuta wenye miaka 20 asilimia 37 diski zao zimeanza kuchakaa, na wa miaka 80 ni asilimia 96. Yaani hao wote wangekuja na bahasha wangesomewa majibu yaleyale na hawaumwi chochote. Ni kama mvi tu, ziko kichwani lakini siyo zinazokuuma kichwa. Kwa hiyo nikiona diski nyeusi kwenye picha, ndo zilivyo zilizochakaa, siwezi kukuapia kwamba ndo hiyo inayokuliza, inaweza kuwa yenyewe, inaweza kuwa viungo vidogo vya nyuma, misuli iliyolegea, au neva zenyewe zimezoea kupiga kelele baada ya miaka ya maumivu, na hii ya mwisho hakuna skrubu inayoifikia.

Mtu atasema mbona kuna utafiti unaonyesha inasaidia. Upo, wa Uswidi wa 2001, wagonjwa 294, walioungwa walipata nafuu kuliko waliopewa fizio (fiziotherapia) ya kawaida. Wengi tuliushika huo kwa mikono miwili. Ila Norwei mwaka 2003 na Uingereza mwaka 2005, yenye wagonjwa 349, wakalinganisha na mazoezi ya kweli, siku nzima nzima kwa wiki kadhaa na mtu wa kukaa na mgonjwa kuongea naye ile hofu ya kwamba akiinama atavunjika, na tofauti ikawa ndogo mno ukilinganisha na hatari za kisu. 2016 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ikaandika waziwazi, maumivu ya kiuno ya aina hii msimuunge mtu labda awe ndani ya utafiti. Mimi siko mkali kiasi hicho, wapo wachache nawaunga, lakini nikimuuliza mgonjwa fizio ulifanya nini, jibu ninalolipata sana ni nililala chini ya taa ya joto nikapewa na mkanda. Hiyo siyo fizio jamani, huo ni usingizi.

Nina mgonjwa mmoja simsahau, dereva, kijana tu. Nilimuunga L5 na S1 nikiwa bado mgeni kwenye kazi. Baada ya mwaka eksirei ikaja safi, mfupa umeshika kama jiwe, skrubu zote mahali pake, nikamgeuzia skrini nimsifie. Akaiangalia akasema daktari nzuri sana, ila naumwa vilevile. Sikuwa na jibu. Kwenye karatasi zangu alikuwa operesheni iliyofaulu.

Na kuna gharama inakuja baadaye. Ukifunga pingili mbili, ule mwendo wao haupotei hewani, wa juu yake na wa chini yake wanaubeba, nao wanachakaa, kila mwaka katika watu mia walioungwa wawili watatu hivi wanaanza dalili kwenye pingili ya jirani. Mtu wa miaka 35 apige hesabu mwenyewe. Bado hujaweka maambukizi, neva kujeruhiwa, ule utando unaofunika neva kutoboka, damu kuganda mguuni.

Sigara ndo usiniguse kabisa. Nikotini inabana vimishipa vya damu vinavyolisha mfupa mpya na anayevuta anajiongezea sana uwezekano wa mfupa kutokuunga, kwa hiyo nataka wiki kadhaa kabla na miezi baada bila hata pafu moja, na ndiyo, napima mkojo, manake nshadanganywa sana.

Kwa hiyo yule ninayemuunga kwa maumivu ya kiuno peke yake ni mtu aliyefanya mazoezi ya kweli miezi sita na zaidi, tatizo liko sehemu moja au mbili siyo mgongo mzima, havuti, sonona yake kama anayo inatibiwa, na tumekaa tukakubaliana kwamba tunatafuta kupunguza maumivu, siyo kuyafuta. Akisikia hivyo bado anataka, tunapanga tarehe. Kesho yake baada ya operesheni anasimama na kutembea, kuinama na kujipinda tunamzuia kwa muda, kazi ya ofisini anarudi baada ya wiki kadhaa na ya kubeba mizigo ni miezi.

Ila haya yote ya kusubiri na kujaribu mazoezi kwanza kuna mtu hayamhusu. Ukiona mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, haja kubwa huizuii, au kuanzia makalioni mpaka sehemu za siri pale unapokalia pamekufa ganzi, au miguu inaishiwa nguvu ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki wala usinitumie meseji, nenda emajensi usiku huohuo, hapo neva zinahesabu masaa.