"Si Mnalirudisha?": Dhana Potofu Kuhusu Duka la Magazeti la Stesheni

Abiria wa jana asubuhi alikuwa amebakiza kama dakika 20 treni yake iondoke. Akachukua jarida la chemshabongo, akatoa kalamu mfukoni, akajaza nusu ya fumbo la kwanza, kisha akalirudisha rafuni na kugeuka aende zake. Nilipomwita alishangaa kwelikweli. "Kwani shida iko wapi, ndugu yangu? Lisiponunuliwa si mnalirudisha?" Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo anavyoamini, na kauli hiyo nimeisikia kaunta mara nyingi mno.

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya biashara hii huendeshwa kwa mali kauli: duka hulipia nakala zilizouzika na kurudisha zilizobaki. Lakini msambazaji hapokei karatasi tu. Anataka nakala nzima: kava halijachanika, kurasa zote zimo, kiambatisho kimo ndani, zawadi bado imebandikwa. Tena irudi ndani ya muda uliopangwa. Ikichelewa au ikichakaa, ni mali yangu, na deni lake ni langu.

Piga hesabu. Tuseme fungu langu katika kila nakala ni moja ya tano ya bei, na nne za tano zinakwenda kwa msambazaji na mchapishaji. Nakala moja ikiharibika mikononi mwa mtu asiyenunua, nadaiwa zile nne za tano. Itabidi niuze nakala nyingine nne ndipo nirudi pale nilipokuwa, bila faida yoyote. Kwa gazeti la kila siku, nakala nne ni kazi ya dakika chache asubuhi. Kwa jarida la ufugaji nyuki linalotoka mara moja kwa mwezi, huenda nne ndizo zote nilizoletewa.

Na hasara hiyo bado naiona ndogo. Kinachoniumiza zaidi ni hesabu ya toleo linalofuata. Jarida lina msimbopau, ile mistari myeusi yenye tarakimu chini yake inayosomwa na mashine, na mingi huanza na 977, tarakimu zinazotambulisha machapisho ya mfululizo. Vile vistari vifupi vya pembeni vinaeleza ni toleo lipi. Kwa hiyo mabaki yanaporudi, inajulikana toleo gani limeuza ngapi katika duka gani, na idadi ya kuniletea safari ijayo hupangwa kutokana na hapo. Nakala iliyosomwa kwa kusimama na watu watatu, wote wakaifurahia, kwenye hesabu hiyo ni nakala ambayo hakuna aliyeitaka. Nikiletewa sita nikarudisha tano, nisishangae toleo lijalo zikija mbili. Baada ya muda haiji hata moja. Kisha msomaji yuleyule anakuja kuniuliza kwa masikitiko kwa nini siku hizi sileti jarida lake. Mazungumzo hayo nimeyafanya na mtu niliyekuwa nikimwona kwenye rafu ileile kila mwezi, na sijawahi kumwandikia risiti hata siku moja.

Sikatazi kupekua. Jarida limewekwa wazi ili ulifungue, uone yaliyomo, uamue. Dakika mbili zinatosha. Usilikunje kava kwa nyuma, usilambe kidole kugeuza kurasa, usichane mfuko wa plastiki. Na wazazi, tafadhali sana, mtoto asibandue kile kidoli kilicho juu ya jarida lake kabla hamjalipa. Jarida la watoto lisilo na zawadi yake haliuziki, wala halirudi.

Wapo pia wanaochomoa nakala ya sita kutoka juu wakiamini ndiyo safi. Ya juu kabisa ndiyo, huenda ina alama ya mkanda wa kufungia kifurushi. Ya pili haina kitu. Kila unapochimba chini zaidi unapinda pembe za nakala nne ambazo wengine watazikataa.

Kauli nyingine ninayoisikia: "Stesheni kila kitu ni ghali." Gazeti na jarida, hapana. Bei imechapwa kwenye kava na mchapishaji, nami siiongezi. Vinywaji, betri na nyaya za kuchajia, ndiyo, mara nyingi vinazidi bei ya mtaani. Kodi ya stesheni mara nyingi hukokotolewa kama sehemu ya mauzo, ikiwa na kiwango cha chini ambacho lazima kilipwe hata biashara ikilala. Duka linafunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, na stoo ni ndogo, kwa hiyo mzigo unaletwa kidogo kidogo. Nasema hivi ingawa vitu hivyo nauza mimi: kama unajua utahitaji waya wa kuchajia, njoo nao kutoka nyumbani. Stesheni nunua cha kusoma.

"Hili jarida limekosewa, limeandikwa mwezi ujao." Halijakosewa. Tarehe ya kava kwa kawaida hutangulia siku ya kutoka, kusudi jarida lisionekane limezeeka likiwa bado rafuni.

"Nyinyi ni watu wa reli." Treni ikichelewa nafokewa mimi, na kuna walioniletea tiketi wakitaka warudishiwe nauli. Duka ni mpangaji tu, na mpango huo ni wa zamani. W. H. Smith, wauza magazeti wa Uingereza, walipofungua kibanda chao katika stesheni ya Euston, London, mwaka 1848, walikuwa kampuni ya nje yenye mkataba na kampuni ya reli. Miaka michache baadaye mchapishaji Louis Hachette aliingia mikataba ya namna hiyo na reli za Ufaransa, na nchini India kampuni ya maduka ya vitabu ya A. H. Wheeler imekuwa stesheni tangu 1877. Ratiba naisoma kwenye ubao uleule unaousoma wewe.

"Umeniuzia gazeti la jana, mbona halina matokeo ya mechi?" Tazama tarehe kwanza; ni la leo. Gazeti moja huweza kuchapwa kwa matoleo kadhaa usiku mmoja. Nakala zinazokwenda mbali huingia mtamboni mapema ili ziwahi magari, na mechi inaweza kuwa bado inachezwa wakati ukurasa wa michezo umeshafungwa. Nakala zinazobaki karibu na mtambo hupata nafasi ya kusubiri filimbi ya mwisho. Ndiyo maana watu wawili waliopanda treni stesheni tofauti wanaweza kukaa kiti kimoja na gazeti lenye jina moja na tarehe moja, habari za ukurasa wa nyuma zikatofautiana. Kama mechi za usiku ndizo unazozifuata, muulize muuza magazeti wako analetewa toleo lipi, na kama kuna jingine linalofika baadaye. Akikwambia lipo, mwombe akuwekee nakala moja chini ya kaunta, na ulipie hapohapo.