Nyumbani au hospitali? Hesabu dakika kwanza

Mjamzito akiniuliza ajifungulie wapi, nami humuuliza mambo mawili. Nani atakuwa kando yako? Na kutoka kitandani kwako hadi meza ya upasuaji ni dakika ngapi? Nyumba yenye mkunga aliyesomea, vifaa vyake na gari mlangoni ni kitu kimoja. Nyumba yenye jirani mwenye mikono mizoefu ni kitu kingine kabisa. Hospitali nazo hazilingani.

Wapo wasio na cha kuchagua. Mapacha, mtoto aliyetanguliza matako au aliyelala kingamo, kondo la nyuma lililoziba njia, shinikizo la damu la 140/90 na kuendelea, kisukari, upungufu mkubwa wa damu, uchungu kabla ya wiki 37, mama aliyevuja damu nyingi uzazi uliopita: wote hao ni wa hospitali, na hapo sibishani na mtu. Mwenye kovu la upasuaji pia. Kovu huachia kwa takriban mama mmoja kati ya 200 wanaojaribu njia ya kawaida. Ni wachache, lakini likiachia mtoto hukosa hewa ndani ya dakika chache tu, na tiba yake iko chumba cha upasuaji peke yake.

Anayebaki ni mama mzima wa afya, mwenye mtoto mmoja, kichwa chini, mimba iliyotimia. Kwa huyu tuna utafiti mkubwa wa England uliochapishwa mwaka 2011, uliofuatilia wanawake zaidi ya 64,000 wenye mimba zisizo na hatari. Waliokwisha kuzaa, wakipanga kuzalia nyumbani, watoto wao hawakupata madhara zaidi ya wale wa hospitali. Kwa uzazi wa kwanza madhara makubwa kwa mtoto yalikuwa 9.3 kwa kila 1,000 nyumbani, na 5.3 kwa kila 1,000 kwenye wodi za madaktari. Nyumbani upasuaji ulikuwa mchache, hilo ni kweli na wanaolipenda hulitaja haraka. Wasilolitaja ni kwamba kati ya waliokuwa na mimba ya kwanza, asilimia 45 walihamishwa kwenda hospitali. Kwa waliowahi kuzaa ilikuwa 12. Uhamisho mwingi huwa wa pole, uchungu umesimama au mama amechoka anataka dawa ya maumivu, lakini ukiwa na mimba ya kwanza panga kana kwamba safari ipo. Na wakunga wale walikuwa na leseni, dawa na gari la wagonjwa la kuita. Ukiondoa hayo, takwimu zile si zako.

Damu ndiyo inayoniogopesha kuliko yote. Mimba ikitimia, mji wa mimba hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika. Kondo likibanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji kujikaza yenyewe. Ikilegea, damu inamwagika. Ndiyo maana mama huchomwa oksitosini, dawa ya kuukaza mji, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ikishahakikishwa kwamba hakuna pacha ndani. Dawa hii hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Iliyoshinda kwenye mkoba juani hupoteza nguvu, na kwa macho huwezi kuitofautisha na nzima. Muulize mkunga wako anaibebaje. Akisitasita, umeshapata jibu.

Kosa jingine ni kukadiria damu kwa macho. Iliyonywewa na shuka na pedi huonekana kidogo kuliko ilivyo. Iwekwe plastiki ya kukingia yenye alama chini ya mama, au nguo zipimwe kwenye mizani: gramu moja ni kama mililita moja, ukitoa uzito wa nguo kavu. Zikifika mililita 500, huko ni kuvuja. Mji unasuguliwa mpaka uwe mgumu, kibofu kinatolewa mkojo kwa sababu kikijaa kinauzuia kujikaza, na traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1 inaingizwa kwenye mshipa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Damu ya kuongezewa nyumbani haipo. Gari liitwe wakati kazi hizo zinaendelea. Ukisubiri kuona kama itakoma, umechelewa.

Kwa mtoto kuna mfuko wa kupulizia hewa na kinyago chake. Asipopumua baada ya kukaushwa na kusuguliwa mgongo, kupuliza kuanze kabla dakika ya kwanza haijaisha, mara 40 hadi 60 kwa dakika. Kifua kisipoinuka, mara nyingi kinyago kinavujisha hewa au shingo imepinda. Sasa fikiria mama anavuja na mtoto hapumui kwa wakati mmoja. Mikono miwili haitoshi. Mimi nasema nyumbani wawe wahudumu wawili.

Hospitali nayo ihojiwe. Saa nane usiku nani anapasua, na damu ipo? Mapigo ya mtoto yanasikilizwa kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma? Kitanda ambacho hakuna anayekijia kwa saa mbili hakikupi kile ulichokifuata.

Dakika zenyewe watu huzihesabu vibaya, barabara peke yake. Ongeza kuamua, kumshusha mama ngazi, kungoja gari, mapokezi, na timu ya upasuaji kukusanyika. Njia ya dakika 15 inazaa 45 bila mtu kuzembea.

Sababu za kuondoka ziandikwe mapema: mapigo ya mtoto chini ya 110 au juu ya 160 yasiyotulia, maji ya kijani, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, damu isiyokoma, kondo kupitisha dakika 30 bila kutoka. Mkunga akisema twende, pasiitwe kikao cha familia. Kadi ya kliniki na begi vikae karibu na mlango kuanzia wiki ya 36.