Tiketi ya Kwenda Marekani Haikuwa ya Bure

"Ndege tulilipiwa na serikali." Utayasikia maneno haya kwa familia nyingi za Wakongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wakapokelewa Marekani kama wakimbizi. Miezi inapita, baba kapata kazi, watoto wameshazoea basi la shule, halafu inaingia bahasha yenye bili. Wapo wanaoitupa wakidhani ni matapeli.

Si matapeli. Nauli ile ilikuwa mkopo wa IOM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, lile lenye herufi zake kwenye mfuko mweupe wa plastiki mliokumbatia safari nzima. Kabla ya kupanda ndege, watu wazima walitia sahihi ahadi ya kulipa. (Nani ana utulivu wa kusoma karatasi siku ile?) Mkopo hauna riba, marejesho huanza takriban miezi 6 baada ya kufika, kidogo kidogo kila mwezi, na fedha husafirisha wakimbizi wengine.

Ukilipa kwa wakati unajijengea historia ya mkopo, yaani rekodi ya jinsi unavyolipa madeni, ambayo wenye nyumba wengi huichungulia kabla ya kukupangisha. Kipato kikipungua, usinyamaze: wapigie simu waliokutumia bili, uombe kiasi cha mwezi kishushwe.