Mashine ya oksijeni haitengenezi oksijeni

Wiki iliyopita nimeambiwa tena barazani, na safari hii na mtu msomi, kwamba ile mashine inayowekwa kando ya kitanda cha mgonjwa hutengeneza oksijeni kutokana na maji, na ushahidi wake ni kichupa kinachotoa mapovu mbele yake. Maji yale hayatoi oksijeni hata chembe. Kazi yake ni kuitia unyevu oksijeni inayopita, ili pua ya mgonjwa isikauke. Oksijeni yenyewe ilikuwamo chumbani kabla mashine haijawashwa, na mashine haikufanya ila kuitenga.

Kutenga gesi ni kuzitoa mbalimbali gesi zilizochanganyika. Hewa ina takriban asilimia 78 ya naitrojeni, 21 ya oksijeni na karibu 1 ya agoni. Mashine huisukuma kwa mgandamizo ndani ya mkebe wenye punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno, ambazo huinasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Mgandamizo ukiondolewa, punje huitema naitrojeni, na wakati huo mkebe wa pili unashika zamu. Kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, kwa kuwa agoni hupenya pamoja nayo. Viwandani hewa hupozwa mpaka ikageuka kimiminika, kisha naitrojeni hutangulia kuchemka, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na oksijeni hubaki nyuma mpaka 183.

Linalonikera ni kitenzi. Mchuuzi akilimwaga tenga la samaki pale Malindi, akawaweka changu huku na tasi kule, hapana atakayesema kwamba ametengeneza changu. Kutengeneza ni kazi ya fundi: hutengeneza baiskeli iliyoharibika, au hutengeneza kitanda ambacho jana kilikuwa mbao. Aliyetenga hakuongeza kitu duniani. 

Kosa hilo la kuchanganya kutenga na kutengeneza huzaa jengine. Anayepita Nungwi akaona mitungi ya wazamiaji ikipakiwa mashuani husema ni mitungi ya oksijeni, na akirudi mjini kumtazama mgonjwa husema ametiwa hewa. Mambo ni kinyume kabisa. Mtungi wa mzamiaji kwa kawaida ni hewa hii hii, iliyoshindiliwa bila ya kutengwa, na lau ungekuwa oksijeni tupu, kuivuta kwenye kina kinachozidi mita 6 hivi kungeweza kumtia mtukutiko humo humo majini. Mtungi wa mgonjwa ndio wenye oksijeni iliyotengwa, na ndugu yake yuko kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ambako oksijeni hukutanishwa na asetilini, gesi inayowaka.

Kwa hiyo anayemuuguza mzee wake nyumbani, kichupa kikipungua, aongeze maji aliyoelekezwa na muuguzi, kwa ajili ya pua ya mzee tu. Asihisabu kwamba oksijeni ndiyo iliyopungua, wala asidhani ameiongeza. Akimwona mzee anahema kwa tabu, asihangaike na kichupa, amwite muuguzi.