Ziara za Sachsenhausen: yanayoruhusiwa na yanayoadhibiwa

Msimu wa ziara za wanafunzi na kwaya umefika, na ofisi yetu inayowaandaa wageni kutoka Afrika Mashariki imepokea tena malalamiko kuhusu mwenendo wa baadhi yao katika kambi ya kumbukumbu ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin. Tunaamini wengi hukosea kwa kutojua, si kwa nia mbaya.

Kuingia ni bure. Treni ya S1 hufika Oranienburg, na kutoka stesheni ni mwendo wa dakika 20 hivi kwa miguu.

Kwenye lango la Mnara A kuna maneno ya chuma, "Arbeit macht frei", yanayodai kwamba kazi humpa mtu uhuru. Kati ya 1936 na 1945 Wanazi waliwafunga hapa watu zaidi ya 200,000. Baada ya mashambulizi ya Novemba 1938 dhidi ya Wayahudi wa Ujerumani, wanaume wa Kiyahudi zaidi ya 6,000 waliletwa kambini. Tafadhali msishike nondo za lango hilo mkitabasamu kwa ajili ya picha.

Sasa sheria. Saluti ya Kinazi, alama ya swastika na salamu zao ni kosa chini ya kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani: kifungo hadi miaka 3 au faini. Kukana hadharani kwamba Wayahudi waliangamizwa, au kuyapunguza maangamizi hayo, kunaangukia kifungu cha 130: kifungo hadi miaka 5 au faini. Kuwa mtalii hakumwokoi mtu. Agosti 2017 watalii wawili walipigana picha wakitoa saluti hiyo mbele ya bunge mjini Berlin. Polisi waliwakamata, na kila mmoja akaachiwa kwa dhamana ya euro 500 huku uchunguzi ukiendelea. Kujitetea kwamba "tulikuwa tunatania" hakufuti kosa, na wala tusiombwe kuwasemea wanaorudia hoja hiyo.

Ingieni Banda la 38, mojawapo ya yale waliyofungiwa Wayahudi. Bafuni mtaona mabeseni makubwa ya duara. Walinzi wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, waliwazamisha wafungwa humo bafuni hadi kufa. Halafu tazameni rangi iliyobabuka na kuungua. Uharibifu huo si wa wakati wa vita. Banda lilichomwa moto Septemba 1992 na watu wenye chuki ileile, na alama za moto zimeachwa makusudi. Msiziguse: rangi hiyo ni ushahidi.

Tunasikia mara nyingi mno kwamba haya ni mambo ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Si kweli. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Sera ya ubaguzi wa rangi iliyokusudia kuwamaliza Wayahudi ndiyo iliyomfunga na yeye.

Viongozi wa vikundi, ombeni mwongozaji mapema na mtaje umri wa washiriki. Maelezo kuhusu sheria yatolewe mkiwa bado kwenye treni. Msingoje hadi langoni.