Mafuta ya zamani Marekani hayakuwa bwerere

Watu wanapenda kusema eti zamani Marekani mafuta yalikuwa bure, senti 27 galoni mwaka 1950, na jamaa wa sheli anakuja mwenyewe anakufutia kioo na kukucheki oili. Hiyo huduma kweli ilikuwepo na mimi naiona ni hasara kubwa kuipoteza, ila bei jamani, senti 27 za wakati ule ni kama dola 3 na nusu za 2023, yaani karibu ileile! Halafu magari yalikuwa yanakunywa balaa, mwaka 1973 gari la kawaida lilienda kama maili 13 tu kwa galoni. Unafuu wenyewe ulikuwa 1998, galoni ilishuka mpaka kama dola moja.